Tunauliza mikutanoni, majibu hayarudi kijijini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nilipokuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji huku Newala, na ambalo halijaniacha hata baada ya kipindi changu cha miaka mitano kwisha na mimi kurudi kukaa mkekani pamoja na wanakijiji wenzangu. Viongozi wetu husema mara kwa mara kwamba wananchi wanashirikishwa katika kupanga na kuamua mambo yao, na kwa sehemu wanasema kweli, kwa sababu mikutano ipo na watu huulizwa. Ninachotaka kusema ni kwamba ushirikishwaji huo huishia kwenye kuulizwa. Maswali na maombi yetu hupanda kutoka kitongojini hadi kijijini, kutoka kijijini hadi kata, na kutoka kata hadi wilayani, lakini majibu hayashuki, na mwananchi asiyejibiwa mara tatu au nne huacha kuja.

Wakati wa ujumbe wangu nilikuwa na desturi ya kunakili ajenda na maazimio ya kila mkutano katika daftari langu mwenyewe, kwa mazoea ya ualimu. Juzi nililifungua tena. Ombi la kutengenezewa bomba la maji linalohudumia vitongoji viwili vya mwisho wa kijiji limeandikwa humo mara kumi na moja, kwa mwandiko wangu uleule, na kila mara kwenye safu ya utekelezaji nimeandika maneno mawili: "Limepelekwa kata." Hakuna hata ukurasa mmoja unaosema kata ilijibu nini, wala kama halmashauri ya wilaya ililipata ombi hilo, ikalikataa, ikaliahirisha au ikalisahau. Msomaji asiyeijua nyanda ya juu ya Makonde aelewe kwamba huku juu hatuna mto wala chemchemi ya karibu. Tunaishi kwa maji ya mvua tunayokinga katika visima vya saruji nyumbani, na kwa maji yanayosukumwa kwa mitambo kutoka mabondeni. Bomba likikauka mwezi wa Septemba, kisima cha nyumbani nacho huwa kimekwisha, na mama mwenye watoto wanne huamka saa tisa usiku kwenda kupanga foleni ya ndoo katika kijiji cha jirani. Huyo ndiye tunayemlaumu kwamba hakuhudhuria mkutano wa saa nne asubuhi.

Sisemi kwamba ombi lile lilistahili kukubaliwa mara moja. Inawezekana kabisa kwamba kulikuwa na vijiji vyenye shida kubwa kuliko yetu, au kwamba bomba lenyewe halikuwa na tatizo ila mtambo wa kusukuma maji ndio uliozidiwa. Lakini kama tungeambiwa hivyo kwa maneno ya wazi, tungeweza kuamua la kufanya: kuchangishana, kuchimba visima vingine vya kukingia mvua kabla ya masika, au kungoja mwaka wa fedha fulani tukijua tunangoja nini. Kukataliwa kunampa mtu pa kuanzia. Kunyamaziwa kunamwacha palepale, na tena kunamfanya aanze kutafuta sababu zake mwenyewe, ambazo mara nyingi ni mbaya kuliko ukweli.

Sheria zetu hazina upungufu mkubwa katika kumpa mwananchi nafasi ya kusema. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inatamka katika ibara ya 8 kwamba mamlaka ya Serikali yanatoka kwa wananchi na kwamba Serikali itawajibika kwao, na ibara ya 146 inaeleza kuwa serikali za mitaa zipo ili madaraka yapelekwe kwa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imeufanya mkutano mkuu wa kijiji, ambao mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, kuwa chombo kikuu cha maamuzi kijijini, na utaratibu unataka ukutane kila baada ya miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo imeupa mkutano huo nguvu juu ya ugawaji wa ardhi. Mtoto wa nyanda hizi za kusini, marehemu Rais Benjamin Mkapa wa Lupaso, ndiye aliyekuwa madarakani mwaka 1998 ilipotoka sera ya maboresho ya serikali za mitaa iliyokusudia kushusha madaraka na fedha hadi ngazi za chini. Kwa hiyo hatuombi haki mpya. Tunaomba haki iliyopo ifanye kazi hadi mwisho wake, na mwisho wake ni jibu.

Nitoe mfano wa jambo linalomgusa kila mtu huku, yaani korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008, na mimi ni miongoni mwa wanaouunga mkono, kwa sababu naikumbuka vizuri hali ya kabla yake, wakati mnunuzi wa kangomba, yaani asiye rasmi, alipokuja na kipimo chake mwenyewe na bei yake mwenyewe mwezi wa njaa, na mkulima akauza korosho zikiwa bado ni maua. Leo korosho hupelekwa chama cha msingi, hupimwa, husafirishwa hadi ghala kuu na kuuzwa kwa mnada unaotangazwa wazi. Haya ni mafanikio ya sera, na aliyeyaleta anastahili shukrani.

Tatizo huanzia kwenye makato. Mkulima husikia redioni bei ya mnada, kisha fedha zinapoingia kwenye akaunti yake huwa pungufu ya bei ile, kwa kuwa umekatwa ushuru wa halmashauri, fedha za chama cha msingi na za chama kikuu, gharama za ghala, usafirishaji na mengineyo. Msimu mmoja karatasi ya makato ilibandikwa kwenye mlango wa ghala letu. Ilikuwa na mistari saba ya herufi ndogo, na mitatu kati ya hiyo ilikuwa vifupisho vitupu. Bibi mmoja jirani yangu, mwenye mikorosho themanini aliyoachiwa na mama yake, alisimama mbele ya karatasi ile, akafungua pindo la kanga yake na kutoa stakabadhi iliyokunjwa mara nne, akaniuliza: "Mwalimu, huu wa nne ni wa nini?" Nilivaa miwani nikasoma, nikasoma tena, sikuweza kumjibu. Tulimwita karani. Yeye alisema kwa upole kwamba hata yeye hajui, imetoka juu hivyo hivyo. Swali likapelekwa mkutano mkuu, mwenyekiti akasema litafuatiliwa, nami nikaandika kwenye daftari kwamba litafuatiliwa. Bibi yule hakupinga kukatwa. Alitaka kujua anachangia nini, ambalo ni swali ambalo mlipa kodi yeyote katika nchi yoyote ya kidemokrasia ana haki ya kuliuliza na kujibiwa kabla hajaondoka mlangoni.

Liko jambo jingine ambalo sijaona likiandikwa, nalo ni kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Ili madiwani waweze kujadili bajeti mapema mwanzoni mwa mwaka, vipaumbele vya vijiji huhitajika katika miezi ya mwisho ya mwaka unaotangulia. Mtu aliyekaa mjini anaweza kuona miezi ya Oktoba, Novemba na Desemba kuwa miezi kama mingine, lakini katika mikoa ya Mtwara na Lindi hiyo ndiyo miezi ya kuokota korosho. Korosho haingoji, huanguka yenyewe, na isipookotwa upesi hunyeshewa ikaharibika au huokotwa na asiye mwenyewe. Familia nzima huhamia kwenye vibanda vya shambani, na kijijini hubaki wagonjwa, wazee sana na wenye maduka. Mbiu ya mgambo ya kuita watu kwenye mkutano wa kupanga vipaumbele hupigwa wakati ambao wasikiaji wake hawapo.

Mwaka mmoja nilihesabu waliohudhuria mkutano wa namna hiyo. Tulikuwa watu 43 katika kijiji chenye kaya zaidi ya 500, na wanawake walikuwa tisa. Tulipitisha vipaumbele vya kijiji kwa mwaka mzima, na katika muhtasari ikaandikwa kwamba wananchi waliazimia kwa kauli moja. Ni mimi niliyeandika sentensi hiyo, na ninaijutia hadi leo, kwa sababu karatasi ile ilikwenda kata na wilayani ikiwa na uzito wa kijiji kizima, na mtaalamu wa mipango aliyeipokea hakuwa na njia ya kujua kwamba nusu ya waliokuwapo walikuwa wajumbe na ndugu zao.

Katika wale tisa, waliosema walikuwa wawili. Wapo wanaotetea hali hii kwa kusema ndiyo mila yetu. Mimi ni Mmakonde na ninakataa. Koo zetu, kama zilivyo za jirani zetu Wamwera, Wamakua na Wayao, zilihesabiwa kwa upande wa mama, na shamba na mikorosho kupita kwa mama si jambo la ajabu kwetu. Mwanamke anayemiliki mikorosho themanini si mgeni katika mambo ya uchumi wa kijiji. Kinachomnyamazisha mkutanoni ni saa tuliyochagua, ni maji aliyokwenda kuchota, na ni mazoea mapya ya kuweka viti vya mbele kwa ajili ya wageni na viongozi na kumwacha yeye nyuma mahali ambapo kipaza sauti hakifiki. Sheria inataka angalau robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji wawe wanawake, na hilo hutimizwa kwa hesabu. Lakini idadi mezani haisaidii kitu ikiwa ajenda wameziona asubuhi ileile.

Vijana nao wana yao. Wengi wanaendesha bodaboda Masasi, Newala mjini au Mtwara, na mkutano wa siku ya kazi kwao ni siku ya kukosa hesabu ya tajiri. Wanapozungumziwa katika sera hutajwa katika ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ambayo iliwekwa kisheria mwaka 2018. Ulipositishwa utoaji wake Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, kikundi kimoja cha vijana wa kijijini kwetu kilikuwa kimeshajaza fomu na kufungua akaunti. Walikwenda kuuliza kata mara nne. Mikopo ilirejeshwa mwaka 2024, na wao walilisikia hilo kwa watu barabarani, wakati kikundi chao kilikuwa kimeshasambaratika na mwenzao mmoja amekwenda kutafuta maisha Dar es Salaam. Kusitisha kulikuwa na sababu, maana fedha nyingi zilikuwa hazirejeshwi. Ila barua ya mistari mitatu kwa vikundi vilivyokuwa vimeomba, kuwaambia wangoje na kwa nini, isingegharimu chochote.

Na kuhusu watu wenye ulemavu, nitasema nilichokiona tu. Ofisi yetu ya kijiji ina ngazi tano. Ndugu mmoja anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu, ambayo huizungusha kwa mikono, huja mikutanoni bila kukosa, na kwa kuwa mikutano ya halmashauri hufanyika ndani, yeye hukaa chini ya mwembe na kusubiri mtu atoke amweleze kilichosemwa. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010. Mbao tano za kutengenezea njia ya mteremko zingepatikana kwa fundi wa palepale kijijini. Nilipokuwa mjumbe sikuwahi kulisema hilo kikaoni, na sina sababu ya kujitetea, nililizoea.

Baadhi ya wasomaji wataona haya ni mambo madogo ya kijijini yanayopewa ukubwa usio wake. Nawaomba wakumbuke historia ya huku kwetu. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa nchini na maamuzi yakawa ya watumishi waliopangwa mikoani, kisha katikati ya miaka ya sabini watu walihamishiwa kwenye vijiji vipya kwa nia njema ya kuwapelekea shule, maji na zahanati. Huku kusini watu wengi walihamishwa wakaiacha mikorosho yao mbali. Hakuna aliyekaa na mkulima wa korosho akamuuliza mti usiopaliliwa unakuwaje baada ya miaka mitatu. Msimu wa 1973/74 nchi ilikuwa imevuna tani zipatazo 145,000. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa hayafiki tani 20,000. Ugonjwa wa ubwiri unga ulichangia, na bei mbaya zilichangia, lakini umbali kati ya nyumba na shamba ulikuwa na sehemu yake kubwa, na hilo mzee yeyote wa Kitangari angeliweza kulisema kama angeulizwa kisha akasikilizwa. Halmashauri zilirejeshwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984. Ilichukua muda mrefu, salfa ya kutosha ya kupulizia mikorosho na kazi ya watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele kuifikisha korosho kwenye tani zaidi ya 313,000 za msimu wa 2017/18.

Kisha likaja la gesi, ambalo wengi wetu hatupendi kulikumbuka. Gesi ya Mnazi Bay, hapa Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982, ile ya Songo Songo kule Kilwa ilikuwa imetangulia mwaka 1974. Ujenzi wa bomba kubwa la kupeleka gesi Dar es Salaam ulianza mwaka 2012, na Sera ya Taifa ya Gesi Asilia ilitoka Oktoba 2013. Bomba lilitangulia, sera ikafuata. Katikati ya hapo, Desemba 2012, wananchi waliandamana mjini Mtwara wakiuliza gesi hiyo itawaachia nini, na tarehe 22 Mei 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, mji uliingia katika ghasia. Watu walipoteza maisha na mali zikachomwa. Sihalalishi hata kidogo kuchoma ofisi au kumdhuru mtu. Nilikuwa mwalimu wakati huo na niliona watoto wakikosa masomo na wazazi wakikimbilia maporini. Lakini swali la wananchi lilikuwa limeulizwa kwa amani miezi kadhaa kabla, na lilikuwa na majibu ambayo yangeweza kutolewa kwa Kiswahili chepesi kijiji kwa kijiji: ushuru wa huduma ambao halmashauri ilistahili kupata wakati huo ulikuwa asilimia 0.3, ajira ni za aina gani, kiwanda cha kusafisha gesi kinajengwa Madimba kwa sababu gani, na bei ya umeme huku itakuwaje. Majibu hayo yalikuja vipande vipande, mengi baada ya damu kumwagika.

Kwa kipimo hichohicho naliona suala la Katiba mpya. Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi nzima, na nakumbuka wazee waliotembea tangu alfajiri ili wakatoe maoni. Rasimu ya pili ilitoka Desemba 2013, Bunge Maalum likapitisha Katiba Inayopendekezwa mwaka 2014, na kura ya maoni iliyokuwa ipigwe tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Baadhi ya wazee wale wamekwisha kufariki. Walio hai hunikuta njiani na kuniuliza, kama kwamba mwalimu lazima ajue, maneno yao yalifika wapi.

Nisitoe picha ya upande mmoja. Mkoani Lindi, katika wilaya ya Kilwa, viko vijiji ambavyo vimeonyesha kwamba wananchi hujaa mikutanoni wanapoona uamuzi wao unarudi ukiwa kitu cha kushikika. Kwa kutumia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, vijiji hivyo vilitenga misitu yao ya hifadhi, na mwaka 2009 Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu ya asili. Mpingo na mbao nyingine zinapouzwa, fedha huingia kijijini, na mkutano mkuu ndio unaoamua zitumike wapi. Mwanakijiji huko anaweza kunyoosha kidole akakuonyesha jengo lililotokana na mkono alioupandisha mwenyewe mkutanoni. Hawahitaji kupewa semina juu ya umuhimu wa kuhudhuria.

Najua pia hoja za watumishi, na nyingi ni za kweli. Mtendaji wa kijiji ni mmoja, na kazi zake ni pamoja na kukusanya takwimu, kusuluhisha ugomvi wa mipaka, kusimamia michango, kupokea wageni na kuandika taarifa kwa ofisi zaidi ya tatu. Diwani hana gari wala fungu la kutosha la kuzungukia vijiji. Halmashauri yenyewe hupewa ukomo wa bajeti kutoka juu baada ya vijiji kuwa vimeshaandika orodha ndefu, na tangu kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003 halmashauri nyingi zimekuwa zikitegemea zaidi fedha za Serikali Kuu. Ofisa mipango mmoja aliwahi kuniambia, kwa masikitiko ya kweli, kwamba huona haya kwenda kijijini kuwaambia watu kwamba kati ya maombi yao kumi na mawili limebaki moja. Namwelewa. Lakini aibu hiyo ya siku moja ingekuwa nafuu kwetu kuliko kungoja miaka minne. Na sisi wananchi tunayo makosa yetu: wapo wanaouliza posho kabla ya kuuliza ajenda, na wapo wanaokuja pale tu anapokuja mgeni mkubwa na ngoma.

Kwa hiyo napendekeza mambo ambayo hayahitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Ajenda ya kwanza ya kila mkutano mkuu wa kijiji, kabla ya taarifa yoyote, iwe majibu ya maombi ya mkutano uliopita, kila ombi na jibu lake, hata kama jibu ni kwamba halijajibiwa na aliyenalo ni ofisi fulani tangu tarehe fulani. Kata inapopokea maombi ya kijiji irudishe barua yenye mhuri na tarehe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mtumishi siku 30 za kumjibu mwananchi aliyeomba taarifa. Muda huohuo unatosha kwa kata na wilaya kujibu kijiji kizima. Baraza la Madiwani likishapitisha bajeti, kila kijiji kipewe ukurasa mmoja unaoonyesha kilichoombwa, kilichoingia, kilichoachwa na kwa nini.

Ukurasa huo uwe wa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini, lakini jedwali la bajeti nililoonyeshwa nilipokwenda kufuatilia lile bomba la maji lilikuwa la Kiingereza tupu, na vichwa vya safu zake vilinishinda mimi niliyefundisha miaka thelathini na moja. Na usibandikwe tu ukutani: usomwe kwa sauti katika kila kitongoji, maana bibi wa mikorosho themanini hasomi herufi ndogo, na mzee asiyeona hasomi kabisa. Orodha ya makato ya korosho isomwe hivyohivyo kabla msimu haujafunguliwa, kila kato na jina lake kamili na mahali linapokwenda.

Kuhusu kalenda, mikoa ya Mtwara na Lindi iombe ruhusa ya kukusanya vipaumbele vya vijiji kabla ya Septemba kwisha, wakati kupulizia salfa kumekwisha na kuokota hakujapamba moto. Kama hilo haliwezekani kwa sababu ya miongozo ya kitaifa, basi mikutano ifanyike Ijumaa alasiri, siku ambayo wengi huwa wamerudi kijijini, na muhtasari uandike idadi halisi ya waliohudhuria, wanawake na wanaume, ukilinganishwa na idadi ya wenye haki ya kuhudhuria. Ofisi ya wilaya ikipokea azimio lililopitishwa na watu 43, ijue ni watu 43.

Mkutano wetu wa robo hii unatarajiwa kabla ya mwisho wa Juni. Nimeshamwomba mwenyekiti, kwa barua niliyoipeleka kwa mkono wangu, kwamba ombi la bomba liandikwe kwa mara ya kumi na mbili, na safari hii liambatane na swali moja kwa kata: mara kumi na moja zilizopita mlilipokea, au hamkulipokea? Mwenyekiti ameisoma barua na kukubali iwe ajenda. Ndugu yetu wa baiskeli ya magurudumu matatu ameomba kwamba mkutano ufanyike nje, chini ya mwembe, naye amekubaliwa.

Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara.